Je, mhusika anayesemwa kuwa huangamiza "dunia zote ziwezekanazo" ndiye mwenye nguvu kuliko wote?

Mwenye duka, Ngamiani

Salaam kwenu nyote. Naomba msaada wa waliosoma falsafa au mantiki, kwa kuwa jambo lililoanza kama mazungumzo ya jioni limekuwa ubishi usiokwisha, nami naona si haki kuwapa vijana jibu ambalo mwenyewe siliamini.

Nina duka dogo la madaftari na kudurufu karatasi hapa Ngamiani, Tanga. Kila Jumamosi baada ya alasiri vijana wa sekondari huja kukaa barazani kwangu, muuza kahawa huliweka dele lake pembeni, na kwa miezi kadhaa sasa mazungumzo yao yamekuwa juu ya wahusika wa hadithi, wa kwetu na wa ng'ambo: nani ana nguvu kuliko nani. Niliwapa kipande cha plaiwudi nilichokipaka rangi nyeusi, nao wakachora ngazi juu yake. Kipandio cha chini ni cha mhusika awezaye kubomoa nyumba, kinachofuata ni cha awezaye kubomoa mji, kisha mlima, kisha ardhi yote, jua, kundi zima la nyota, ulimwengu, na malimwengu mengi sambamba. Hadi hapo sikuwa na neno. Wiki tatu zilizopita kijana wa kidato cha tano aliongeza kipandio cha juu kabisa, akaandika "dunia zote ziwezekanazo", akaeleza kwamba mhusika wake hupita kila kinachoweza kuwako, na kwa hiyo hakuna awezaye kuwekwa juu yake. Mwenzake alichukua chaki akaongeza kingine: "na zisizowezekana". Mahali pale pamefutwa na kuandikwa mara nyingi hata rangi imeanza kubanduka na mbao kuonekana.

Swali langu la kwanza ni kama kipandio hicho kina maana. La pili linanigusa zaidi. Mimi niliomba jina la Fumo Liyongo liandikwe, kwa kuwa ndiye shujaa niliyesimuliwa na bibi yangu kabla sijajua kusoma. Walimweka chini ya ngazi yote, wakisema kwamba mtu aliyehitaji kuletewa tupa ndani ya mkate wa wishwa ili akate pingu zake hawezi hata kubomoa ukuta wa gereza, ilhali Superman, yule shujaa wa katuni za Kimarekani, husukuma sayari. Lakini Liyongo hakudhurika kwa silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba kitovuni, na aliyemchoma nayo ni mwanawe mwenyewe aliyeijua siri hiyo. Je, jambo hilo si nguvu? Na kama ni nguvu, ipo njia ya haki ya kuipima?

Mwalimu mstaafu, Raskazone

Ndugu mwenye duka, nianze na kipandio cha juu, kwa sababu kosa lililomo ni la maana ya maneno, na hilo likirekebishwa sehemu kubwa ya ubishi itakwisha.

Wanafalsafa wanaposema "dunia iwezekanayo" hawakusudii mahali. Wanakusudia namna nzima ambavyo mambo yangaliweza kuwa, tangu mwanzo wa wakati hadi mwisho wake, bila kuachwa hata unyoya mmoja. Leibniz, Mjerumani aliyefariki mwaka 1716, aliyatumia mawazo hayo katika kitabu alichokichapisha mwaka 1710 ili kujibu kwa nini Mungu mwema ameumba dunia yenye mabaya. Hoja yake ilikuwa kwamba kati ya dunia zote ziwezekanazo Mungu ameichagua iliyo bora. Mwaka 1959 Saul Kripke, mwanafalsafa Mmarekani, akiwa kijana asiyefikisha miaka ishirini, alichapisha uthibitisho ulioifanya mantiki ya ulazima na uwezekano isimame imara, na tangu hapo wasomi wengi hueleza hivi: jambo ni la lazima likiwa kweli katika kila dunia iwezekanayo, nalo linawezekana likiwa kweli walau katika mojawapo. Usidhani kwamba haya ni mageni kwetu. Mtu anaposema "lau Liyongo asingalimwamini mwanawe, asingalikufa", amekwisha kuizungumzia dunia nyingine, na kiambishi kile *-ngali-* ndicho mlango alioingilia.

Aliyekwenda mbali kuliko wote ni Mmarekani David Lewis, ambaye katika kitabu cha mwaka 1986 alitetea kwamba dunia hizo zote ziko kweli, kama hii yetu ilivyo kweli. Wengi hawakumfuata, nami si mmoja wa wafuasi wake. Lakini hata yeye alisisitiza kwamba kati ya dunia moja na nyingine hakuna umbali, hakuna muda, wala hakuna tendo la huku linaloleta matokeo kule. Ukiweza kuifikia dunia fulani, au kuirushia jiwe, basi haikuwa dunia nyingine bali kona ya dunia yako ambayo hukuwa umeitembelea. Kwa hiyo yale malimwengu sambamba ya hadithi za vijana, ambayo wahusika hupita kutoka moja hadi jingine kwa milango ya mwanga, yote pamoja ni dunia moja tu iwezekanayo, hata yawe maelfu. Aliyeongeza kipandio kile amefanya kama mtu aliyepanga kwa ukubwa kisima, ziwa na bahari, kisha juu ya bahari akaweka neno "labda".

Kuna tatizo jingine lililo baya zaidi. Kati ya dunia zote ziwezekanazo zimo zile ambazo mhusika huyo ameshindwa, na zile ambazo hakuzaliwa kamwe. Kama inawezekana ashindwe, basi iko dunia anamoshindwa, wala haiondoki kwa yeye kushinda katika dunia yake. Na mwandishi akiandika kwamba mhusika wake ameuangamiza uwezekano wenyewe, basi hata tendo hilo la kuuangamiza halikuwezekana, na maneno yake yanajifuta yenyewe kama nyayo za mtu anayetembea akiburuta kuti nyuma yake.

Kuhusu Liyongo, ninalo la kuanzia tu. Lewis huyohuyo, katika makala ya mwaka 1978, alieleza ukweli ndani ya hadithi kwa njia ninayoiona kuwa nzuri sana: jambo ni kweli katika hadithi ikiwa ni kweli katika zile dunia ambazo hadithi hiyo inasimuliwa kama habari ya hakika, na ambazo katika mengine yote hazijaachana sana na dunia yetu. Hakuna msimulizi aliyetaja vidole vya Liyongo, lakini hakuna anayetilia shaka kwamba vilikuwa kumi mikononi. Uzito wake, hata hivyo, haukusemwa, na hakuna kinachotufanya tuseme ulikuwa huu na si ule. Kwa hiyo mhusika hana dunia moja, bali ana kundi la dunia zinazoafikiana na hadithi yake, na nguvu tunayoweza kumpa kwa haki ni ile inayobaki katika kundi zima. Sasa mrudie Superman. Mwaka 1938, alipotokea kwa mara ya kwanza, hakuwa akipaa: aliweza kuruka mruko wa sehemu ya nane ya maili, yaani kama mita 200, na ngozi yake ilisemwa kuwa haipenyeki kwa kitu kilicho chini ya kombora linalopasuka. Kusukuma sayari kulikuja baadaye, kwa mikono ya waandishi wengine. Hakuna kundi moja la dunia linaloafikiana na yote mawili. Waulize vijana wako: wamemweka kwenye kipandio kile Superman yupi?

Ustadhi, Chumbageni

Assalaam alaykum. Mwalimu amesema vyema, nami naongeza neno moja juu ya kile kipandio cha "zisizowezekana", kwa sababu naona vijana wetu wanakitafuta mbali kitu walichokwisha kukisoma chuoni, yaani madrasa.

Yeyote aliyesomeshwa sifa ishirini za Mwenyezi Mungu hapa pwani anajua kwamba hukumu za akili ni tatu: wajibu, mustahili na jaizi. Wajibu ni kile ambacho akili haikubali kisiwepo. Mustahili ni kile ambacho akili haikubali kiwepo. Na jaizi ni kile kinachokubalika kuwepo na kutokuwepo. Mgawanyo huo ulipangwa vizuri na Imamu Sanusi wa Tlemcen, aliyefariki mwaka 1490, na kabla yake Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alikwisha kuvitenganisha vilivyo wajibu na vilivyo mumkini kuwepo, yaani viwezavyo kuwepo au kutokuwepo. Neno letu "yamkini" linatoka katika shina hilohilo la Kiarabu.

Katika somo hilo tunafundishwa kwamba uwezo hufungamana na jaizi peke yake. Kuumba pembe tatu yenye pande nne si kazi ngumu iliyomshinda mtu, kwa sababu si kazi kabisa. Ni maneno mawili yaliyowekwa pamoja bila kitu nyuma yake. Kwa hiyo anayemsifu mhusika wake kwamba huvunja yasiyowezekana hajamwongezea nguvu hata kidogo. Namwomba pia ndugu mwenye duka awaambie vijana, kwa upole, kwamba Mwenyezi Mungu asiwekwe katika ngazi ile hata kwa mfano. Ngazi hupanga viumbe kwa viumbe, tena hao ni viumbe vya kalamu.

Mwalimu wa hisabati, Makorora

Shikamoo Mwalimu, shikamoo Ustadhi. Kaka mwenye duka, naona umejibiwa vizuri juu ya kipandio cha juu, lakini swali lako la pili bado halijaguswa ipasavyo, na hilo ndilo linaloniwasha.

Kwanza niondoe njia moja ambayo wanafunzi wangu huikimbilia. Husema: tuhesabu dunia ambazo mhusika anashinda, na mwenye nyingi ndiye mkubwa. Hesabu hiyo haifanyi kazi. Liyongo anashinda katika dunia zisizo na idadi, kwa kuwa kila dunia anamoshinda unaweza kuibadilisha kwa punje moja ya mchanga ufukweni ukapata nyingine, na Superman naye vivyo hivyo. Galileo aliliona tatizo la namna hii katika kitabu cha mwaka 1638: nambari 1, 2, 3, 4 unaweza kuzipanga moja kwa moja na 1, 4, 9, 16 bila kubaki hata moja upande wowote, ingawa za pili ni sehemu tu ya zile za kwanza. Ukitaka uwiano badala ya idadi, utahitaji kwanza kipimo kinachosema kila kundi la dunia lina uzito gani, na kila mtu atachagua kipimo kinachompendelea shujaa wake. Wala kilele hakipatikani kwa kuendelea kupanda. Mwanahisabati Cantor alithibitisha mwaka 1891 kwamba ukichukua mkusanyo wowote, mikusanyo midogo inayoweza kuundwa kutokana nao ni mingi kuliko vitu vilivyomo. Anayedai kuwa amefika kwenye kipandio cha mwisho amenipa tayari mbao za kutengenezea kingine.

Njia ninayoiona bora ni ya ukaribu. Robert Stalnaker mwaka 1968, na Lewis mwaka 1973, waliieleza sentensi ya "lau" hivi kwa jumla: "lau hili lingalikuwa, lile lingalifuata" ni kweli ikiwa katika dunia zilizo karibu zaidi, ambamo hili limetokea, lile nalo limetokea. Kwa njia hiyo hatuulizi mhusika anaweza kubomoa nini, bali tunauliza tunapaswa kwenda umbali gani kutoka katika hadithi yake ndipo tumkute ameshindwa. Mchukue shujaa hodari wa vita asiye na kinga yoyote: badilisha mwelekeo wa mshale mmoja kwa upana wa kidole, naye yuko chini. Kwa Liyongo lazima vikutane vitu vitatu: mtu aijuaye siri, shaba na wala si chuma, na usingizi mzito kiasi cha kumwezesha mtu kukifikia kitovu chake. Ondoa kimoja tu, yuko hai. Vijana walipima ukubwa wa kinachovunjwa, wakasahau kupima ugumu wa mwenyewe kuvunjwa.

Hata hivyo sitaki kukuunga mkono kwa upendeleo, kaka, maana kuna hoja nzito dhidi yangu. Vitu hivyo vitatu vilikutana. Katika hadithi yenyewe Liyongo anauawa, kwa hiyo dunia anamoshindwa haiko mbali hata hatua moja, iko papo hapo. Jibu langu ni kwamba umbali hauna maana bila kutaja mshindani, mahali, na kila mmoja anajua nini. Dhidi ya jeshi la adui yake, mfalme wa Pate, lisiloijua siri, Liyongo yuko mbali mno na kushindwa. Dhidi ya mwanawe ambaye amekwisha kuambiwa siri na kuahidiwa zawadi, yuko karibu kama mkono na kikombe.

Ukimleta Superman, swali linakuwa gumu kwa namna nyingine, nami nimelifikiria siku mbili nzima. Kutodhurika kwa Liyongo ni hali ya mwili wake, au ni kanuni ya dunia yake? Kama ni hali ya mwili, anakwenda nayo popote kama mtu aendavyo na alama yake ya kuzaliwa. Kama ni kanuni ya dunia ya Pate, basi ukimtoa huko unaiacha kanuni bandarini, na ngumi ya kwanza inatosha. Hadithi haisemi. Upande wa Superman, waandishi wa baadaye walisema kwamba nguvu zake zinatokana na jua la manjano, nalo liko Pate kama lilivyo Tanga. Lakini walisema pia kwamba hana kinga dhidi ya uchawi, na hadithi ya Liyongo haituambii kama kinga yake ni uchawi au maumbile. Kwa kusoma kwangu, katika dunia nyingi zilizo karibu hakuna kati yao anayemuua mwenzake, ila Superman wa baadaye anaweza kumbeba Liyongo na kumwacha katika jangwa lisilo na maji. Kama huko ni kushinda, ameshinda. Mtakubaliana barazani nini maana ya kushinda kabla ya kushika chaki.

Na ngazi yenyewe iondoeni, nakusihi. Ngazi hulazimisha kila mmoja awe juu au chini ya kila mwingine, na nguvu za wahusika haziko hivyo. Katika hadithi zetu wenyewe sungura humshinda simba kwa hila, kobe humshinda sungura kwa mbio, na simba akimkuta kobe njiani humpindua kwa mguu mmoja. Yupi utamweka juu? Choreni mishale kutoka kwa mshindi kwenda kwa mshindwa, na juu ya kila mshale muandike kwa sharti gani. Pasipo na hoja ya kutosha pasichorwe kitu.

Mkutubi, Tanga mjini

Naongeza mambo mawili kwa kifupi. Swali la Mwalimu, "Superman yupi?", lazima liulizwe pia kwa Liyongo, kwani habari yake ilichapishwa na Edward Steere katika mkusanyo wa ngano za Kiswahili mwaka 1870, na utendi wa Muhammad Kijumwa wa Lamu ulitungwa mwaka 1913, na masimulizi hayo hayalingani katika kila jambo. Tena wako wengi wanaoamini kwamba Liyongo alikuwa mtu wa kweli, na huko Kipini huonyeshwa mahali panaposemwa kuwa ni kaburi lake. Kripke alishikilia kwamba jina la mhusika wa kubuni limefungwa kwa hadithi yake, hivi kwamba hata akitokea mtu aliyefanya kila alichokifanya Sherlock Holmes, yule mpelelezi wa kubuni, mtu huyo hatakuwa Holmes. Kama Liyongo aliishi na Superman hakuishi, basi tunalinganisha jina la mtu na jina la hadithi, na tuseme hivyo waziwazi.

La pili ni la nyumbani. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909, alituachia katika riwaya yake nchi ya Kusadikika, iliyo angani wala haiko katika ramani yoyote, na ndani yake Karama aliyesimama mbele ya mashtaka ya waziri Majivuno akiwa hana silaha ila hoja. Mwekeni naye ubaoni. Mshale wake kwenda kwa Majivuno mtauandikia sharti gani?

Mwenye duka, Ngamiani

Narudi kutoa habari, na kuwashukuru. Jumamosi iliyopita niliusugua ubao wote kwa kitambaa chenye maji, nikawasomea majibu yenu tangu mwanzo hadi mwisho. Yule kijana wa kidato cha tano alisikiliza bila kukatiza. Nilipofika penye neno "labda" juu ya bahari alitazama chini kwa muda, kisha akasema kwamba amekubali kuhusu dunia ziwezekanazo, ila hakubali kwamba mwandishi hana uhuru wa kuandika lisilowezekana, kwa kuwa amesoma hadithi zenye kupingana zenyewe kwa zenyewe na akazielewa. Ninaona ana haki ya kusikilizwa katika hilo, na Ustadhi atanisamehe nikisema kwamba kuelewa maneno ya hadithi na kuwepo kwa nguvu huenda yakawa mambo mawili mbalimbali.

Tulianza kuchora mishale. Kwa saa moja na nusu tulichora minne tu, jambo ambalo halijawahi kutokea, kwani zamani tulikuwa tukipanga majina ishirini kabla kahawa haijapoa. Mshale kutoka kwa Karama kwenda kwa Majivuno uliandikiwa "mbele ya mahakama inayosikiliza". Kati ya Liyongo na Superman wa mwaka 1938 waliacha wazi, na niliridhika.

Kisha mzee mmoja, jirani yangu, ambaye kwa kawaida hukaa upande wa pili akicheza bao na hajapata kusema neno juu ya mambo haya, aliweka kete zake mkononi akauliza: "Na pale kisimani je?" Hatukumwelewa mara moja. Akatukumbusha kwamba Liyongo alipochomwa aliamka, akatwaa upinde na mishale yake, akaenda mpaka kwenye kisima cha mji, akapiga goti, akauvuta upinde, akakata roho katika hali hiyohiyo. Watu walimwona kwa mbali wakadhani yu hai. Siku zikapita bila mtu kuteka maji, mama yake akaombwa aende kumsihi, mpaka hatimaye mwili ulipoanguka wenyewe ndipo walipojua. Mzee akasema: "Maiti imeuzuia mji mzima maji. Andikeni hiyo nguvu."

Nilikaa na chaki mkononi. Liyongo hakuwapo tena, na kila mshale tuliouchora ulianzia kwa mtu aliye hai. Naomba mnielekeze: mshale huo unaanzia wapi?

Mwalimu wa hisabati, Makorora

Kaka, mpe mzee huyo salamu zangu, kwa maana ameliona jambo ambalo mimi sikuliona katika siku zangu mbili.

Dunia tulizozitaja hadi sasa ni zile ambazo mambo yangaliweza kuwa. Lakini ziko pia dunia ambazo, kwa mtu fulani na kwa yale anayoyajua, huenda ndizo alimo. Jaakko Hintikka, Mfini, aliandika juu ya mantiki ya kujua na kuamini mwaka 1962 kwa njia hiyo: unalijua jambo ikiwa ni kweli katika kila dunia ambayo ujuzi wako haujaifuta. Watu wa mjini walimwona mtu mwenye upinde uliovutwa. Dunia ambayo amekufa na dunia ambayo anamngoja wa kwanza kuteremka na ndoo zilikuwa sawa machoni mwao, na aliyekosea kuchagua angalilipa kwa roho yake. Katika dunia ya kweli mshale ule haukuweza kuruka hata shubiri moja, lakini haikuwa lazima uruke, kwa sababu kila mmoja wao alirudi nyumbani kwa ajili ya dunia ambayo hakuweza kuiondoa.

Kwa hiyo mshale huo uanzie kwa Liyongo wa siku za uhai wake, kwa kuwa bila sifa aliyojijengea dunia ile ya pili isingalimtisha mtu. Sharti lake liandikwe "maadamu hakuna aliyemkaribia". Kisha waulize vijana swali hili Jumamosi ijayo: mwanawe, aliyeijua sindano mahali ilipoingia, je, naye angaliogopa kuteka maji?